Watu wa Nyumba ya Bi Mwanarusi

Nyumba ya Bi Mwanarusi hapa Magogoni, Mombasa, ina vyumba saba na mlango wa mbele ambao mchana haufungwi. Mimi Kafedha nimepanga chumba cha mbele na cherehani yangu iko barazani, kwa hivyo hakuna linaloingia wala kutoka nisilolijua. Siku Ummi alipopata jibu la ufadhili wa chuo, kigelegele cha kwanza kilikuwa changu.

Ummi ni mjukuu wa Bi Mwanarusi, ndiye aliyemlea tangu mamake afariki. Alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea uuguzi, kikabaki kitendawili cha karo. Sasa simu imelia, na juu kabisa ya ujumbe pameandikwa kwamba amepewa ufadhili wa serikali. Tukaona hayo yatosha. Nyanyake akatoa mchele, mimi nikakata vitunguu, na kufikia alasiri nyumba ilijaa hadi uani, maana Magogoni mtu akisikia harufu ya pilau haulizi ni ya nini.

Aliyetukatiza mlo ni Winfred. Winfred ni mpangaji mwenzangu, mtu wa Machakos, karani katika ofisi moja ya mizigo Changamwe. Alirudi kutoka kazini, akapewa sahani yake, akaomba aione ile simu. Akasoma mpaka chini. Kisha sahani akaiweka kando.

"Ummi, hii hukuimaliza," alisema. "Hapa pana vitu vitatu, si kimoja. Pana ufadhili, pana mkopo, pana mchango wa familia."

Tukamtaka atueleze kwa lugha ya watu. Akasema ufadhili ni kama chakula ulicholetewa na jirani. Umekula, hudaiwi.

"Labda kwenu," Bi Mwanarusi akamwambia. "Hapa sahani ya jirani hairudi tupu."

Watu wakacheka, na Winfred akalazimika kutafuta mfano mwingine. Akasema basi ni kama futari ya msikitini, ukishiba wenda zako. Mkopo ni unga wa kuazima: Ummi akimaliza masomo na kupata kazi ataurudisha kidogo kidogo, kama yeye mwenyewe anavyokatwa kwenye mshahara, mwaka wa sita huu. Bi Mwanarusi aliuliza kama una riba, na suala hilo baadaye alilipeleka kwa ustadhi wake. Waliyozungumza mimi sikuyapata, na si kwa kutojaribu. Na mchango wa familia, Winfred akasema, ndio unga unaotoka kwenye pipa lako, kila mwaka, mtoto hajakaa darasani.

"Na wetu ni kiasi gani?" Ummi aliuliza.

Arubaini kwa mia ya karo. Walikuwa wamewekwa kundi la tano, la watu wanaojiweza.

Hapo hata wale wa uani walisogea mlangoni kusikiliza. Bi Mwanarusi angeuza mabati ya paa na kitanda anacholalia, pesa hiyo isingetimia. Njia ilikuwa moja, kukata rufaa, na mwisho wa rufaa ulikuwa Ijumaa. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Ikipita Ijumaa, nafasi ya Ummi imekwenda.

Winfred akafungua majibu waliyotuma mwanzoni, na hapo tukaona tulivyotajirika. Ummi alikuwa akisoma swali, nyanyake akijibu huku anachambua mchele. Nyumbani mna watu wangapi wenye kazi? Wanane. Alitutia sote: Winfred, mimi na cherehani yangu, Gershom wa lori, hata yule mpangaji wa chumba cha nyuma anayeuza mitumba. Mapato yetu yote yakajumlishwa. Una wategemezi? Hapana. Familia ina shida ya kulipa karo? Hapana, alhamdulillah.

"Nyanya, mbona ulisema hatuna shida?" Ummi alikuwa karibu kulia.

"Wataka niseme nini? Mtu akikuuliza hali, wamjibu alhamdulillah. Nimwambie mtu nisiyemjua kwamba kwangu hakuna kitu?"

Winfred akamweleza kwa upole kwamba wapangaji si familia, inabidi watolewe. Bi Mwanarusi akamtazama kama aliyetukanwa. Akasema hawa wala kwake, waugua kwake, sikukuu zawakuta kwake. Akiwafuta, awaite nani? Akainuka, akaingia chumbani.

Jumatano hakutoka. Mimi mtu wa kuingia bila kualikwa, nikaingia. Nikamkuta amekaa kitandani na tasbihi, hata hahesabu. Aliniambia kwamba miaka arubaini watu wamekuja kwake kuomba, wa chumvi, wa sanda, wa nauli ya hospitali. Yeye hajawahi kwenda kwa mtu.

Jioni ile Gershom akafika. Gershom huendesha lori la makontena kutoka Miritini, na akiwa hana safari hulala kwetu. Habari ilikuwa imeshamfikia njiani. Akasimama mlangoni mwa Bi Mwanarusi, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi. Nimekuja kuomba unifute."

"Marahaba. Nawe wanitoroka?"

"Mimi nina mke Vihiga. Akisikia nimeandikwa mtu wa nyumba nyingine huko Mombasa, nitahamia ndani ya lori."

Bi Mwanarusi alijizuia, alijizuia, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Akatoka ukumbini. Akamwita Ummi, akasema lete hiyo simu.

Tukafutwa mmoja mmoja, tumekaa pale pale. Alipofika kwangu alinitaka radhi kwanza. Kisha likaja lile swali la wategemezi. Alisema kila kiumbe humtegemea Mungu. Winfred akasema ni kweli, lakini hawa wanataka kujua ni nani asiyekula wewe usipopika. Bi Mwanarusi akafikiri, akataja Ummi, na watoto wawili wa marehemu mwanawe, na kakake Nguma ambaye haoni tena. Wanne. Naona hata yeye hakuwahi kuwahesabu.

Likabaki swali la mwisho, la uwezo wa kulipa. Ummi alilisoma polepole. Watoto walikuwa wakipiga kelele uani, hakuna aliyewanyamazisha.

"Andika sina," Bi Mwanarusi alisema. Halafu, Ummi alipokuwa bado anaandika: "Andika vizuri, mtu asome aelewe."

Kesho yake nilimsindikiza kwa chifu kuchukua barua ya kuthibitisha hayo. Alivaa buibui lake jipya. Nikamwambia waendao kueleza shida hawavai hivyo. Akanijibu kwamba yeye haendi kuomba, aenda kusema kweli. Alhamisi hiyo hiyo rufaa ikatumwa.

Wiki tatu baadaye jibu likaja, na safari hii Ummi hakuita mtu mpaka alipofika mstari wa mwisho. Kundi la pili. Ufadhili sitini kwa mia, mkopo thelathini, familia kumi. Nyanyake akamwamuru arudie kusoma, akiuliza kila mahali: hii yarudishwa, hii hairudishwi? Ummi akajibu yote bila kumtazama Winfred.

Sisi wapangaji tulikuwa tumeshakaa kando tukichanga kwa ajili ya ile kumi. Nilipompelekea bahasha, Bi Mwanarusi aliipokea, akanishukuru, akanirudishia. Alisema kumi anayo, kodi ya vyumba yaitosha, na safu hiyo imeandikwa jina lake.

"Nyinyi nilipeni kodi kwa wakati," akasema, "mtakuwa mmenisaidia sana."

Gershom akaangalia viatu vyake. Nikamwona akiingia kwake, akatoka akihesabu noti, na mimi nikarudi kwenye cherehani, maana Ummi alihitaji gauni mbili za kwendea chuo na kitambaa kilikuwa bado hakijakatwa.