Paka wa Dorca

Dorca alimtoa paka kwa dada yake aliyeko mtaa wa Migosi, akamleta nyumbani Kombewa ndani ya katoni yenye matundu. Msimu uliopita panya walimlia gunia zima la mahindi, na safari hii alikuwa ameapa kwamba mbegu zake hazitaguswa. Wiki mbili tu, nyumba ikatulia.

Kumbe panya hawakuisha, walihama. Walivuka uwanja wakaingia kwa Akello, mke mwenzake mkubwa. Marehemu Odongo, mume wao, aliwaachia wajane hao shamba moja na chuki ya kutosha vijiji viwili.

Akello, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwomba hata chumvi, akaja mlangoni.

"Nyar Usenge," alimwita kwa jina la kwao, "nisaidie na paka siku tatu tu. Panya inamaliza mbegu yangu."

Dorca alikumbuka siku ya mazishi, Akello alivyomfukuza karibu na jeneza mbele ya watu.

"Mikayi, paka si jembe ya kuazimana. Tafuta yako."

Utamu ulioje! Jioni ile paka alipewa omena sahani nzima.

Mvua ikanyesha mwisho wa Machi. Dorca akafungua debe lake, mbegu zote nzima, akangoja Akello aanze. Katika boma lile hakuna atiaye mbegu ardhini kabla ya mikayi, mke wa kwanza. Anayemtangulia huwaletea watoto wake chira, ile laana inayokondesha mtu mpaka kaburini. Siku tano zikapita, jembe la Akello limeegemea ukuta. Panya hawakumbakizia punje ya kupanda. Na Dorca, mjinga wa watu, hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo.

Alivuka uwanja na bakuli la mbegu mkononi, paka kwapani.

"Mikayi, chukua. Panda hata shimo moja tu, nami nianze."

Akello hakuligusa bakuli.

"Paka nilikuomba, ukaninyima. Mbegu sijakuomba."

"Watoto wangu watakula nini?"

"Mimi mwanangu Tom ananitumia unga kutoka Kisumu. Naweza kungoja mvua ya Septemba. Wewe si uko na paka?"

Dorca alilia njia nzima ya kurudi, hatua thelathini tu.

Mwezi wa Mei, mahindi ya majirani yakiwa yamefika kiunoni, aliinjika sufuria akawachemshia watoto zile mbegu. Hakuna hata moja iliyokuwa imetafunwa na panya.