Gunia la Palizi

Nimejilaza chini ya tela la miwa, nasubiri filimbi ya nyapara, na namwaza yule mpiga picha wa asubuhi. Niliazima gauni la maua la Gaudensia, jirani yangu kambini, nikajipaka mafuta, mpiga picha akasema vua dada, jifunge lile gunia lako la palizi, tunataka hali halisi. Nikavua. Akasema picha atazibandika mpaka kwetu Mbinga, watu waone vibarua tunavyoishi tangu kahawa inyauke. Mama ataiona, na mama anajua huku nakula nashiba. Basi macho yanajifumba, mstari wa miwa unakuwa barabara, naifuata, inapinda, inanirudisha palepale, naifuata tena. Mbele yangu kuna mwanamke hana uso. Namwamkia, namuuliza uso ameuacha wapi. Anasema, nilipigwa picha nimeinama. Ananifikisha mji ambao nyumba zake ni vioo vitupu, na katika kila kioo nimesimama mimi na gunia kiunoni, midomo imekauka. Namwomba anionyeshe picha yenyewe niigeuzie ukutani, mama asiione. Anajibu, tafuta isiyokutazama. Nazunguka, zote zinanitazama, naanza upya, zinanitazama, mpaka naikuta moja inamtazama mama. Ameshafika, na ndoo yake ya maji kichwani. Naiziba picha kwa mgongo. Namwambia, mama, nina gauni zuri, nimeliacha kambini. Anasema, Osmunda, sogea, unanizibia mwanangu. Nasogea. Anaitazama kama anavyotazama mtoto mwenye homa, halafu anaingiza mkono kwenye picha, anafungua lile gunia, analikung'uta, analiviringa ngata na kuliweka chini ya ndoo. Nilikuwa sina ngata, anasema, anaondoka zake, wala hageuki.

Filimbi inalia. Najipapasa kiunoni, gunia halipo. Chini ya tela halipo. Gaudensia ameshaingia kwenye mstari, ameinama analima, anauliza bila kugeuka, wewe, gunia lako liko wapi, unataka majani yakukate? Namwambia mama amelichukua. Anacheka, anasema mama yako yuko Mbinga, kamata jembe. Nalikamata, lakini simsogelei. Inuka kwanza, namwambia, nikuone uso.