Viungo vya Mdogo Wake

Daktari wa meno alikuwa amejilaza kwenye kiti cha wagonjwa, maana wagonjwa wenyewe hawakuwapo, akiitazama keki ya mdogo wake kwenye simu. Ukitafuta keki za harusi mtandaoni, mdogo mtu ndiye wa kwanza. Ukitafuta daktari wa meno, utapekua mpaka uchoke ndipo umwone dada mtu, chini kabisa. Wivu ukampanda. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu, leo ananizidi! Na mambo yakiendelea hivi, mwisho wa mwaka kliniki ingefungwa.

Basi akawaendea wote waliokuwa wameweka kwenye tovuti zao kiungo cha kumfikia mdogo wake: wapambaji, wapiga picha, washona magauni. Akawabembeleza wamweke na yeye. Wakamweka. Akangoja kupanda, wapi! Hata kule chini hakuonekana tena.

"Mbona viungo hivi yeye vinambeba, mimi vinanizamisha?" alimfokea fundi wa tovuti.

Fundi alijikuna kidevu. "Daktari, hao wenye mtambo wa kutafutia mtandaoni mizani yao hawamwonyeshi mtu, siwezi kukuapia. Ila navyoona mimi, keki hata mpiga picha anaweza kuisifia. Ikiharibika, ni keki tu. Kwenye afya wanaangalia sana nani anakusema. Mshona magauni anajua nini kuhusu jino?"

"Sasa nimpate nani?"

"Daktari mwenzako. Hata mmoja tu, anayeijua kazi yako, akutaje kwenye tovuti yake."

Mmoja tu. Daktari akacheka, kicheko kikamkaukia mdomoni. Jirani yake wa ghorofa ya juu, hawakusalimiana tangu jirani huyo anunue mashine mpya ya picha za meno. Rafiki yake wa chuo, waliyelala chumba kimoja na kula sahani moja, yeye mwenyewe aliacha kupokea simu zake siku rafiki huyo alipofungua tawi la pili la kliniki yake. Kumbe wivu wake haukuanzia kwenye keki.

Fundi alipoondoka, daktari alimpigia huyo wa chuo. Simu ikaita mpaka akataka kukata.

"Haloo?" Sauti ileile, ya mtu mwenye wagonjwa wanaomsubiri.

"Ni mimi."

"Mimi nani, mwenzangu? Namba hii sina."

Akajitaja. Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa taratibu, na sauti ikarudi, imeshuka.

"Kuna msiba?"