Kibati Kilichong'olewa

Arubaini ya Msellem haijafika, mdogo wake Soud kesharudi Jadida na karatasi mfukoni. Anadai mashine ya kukereza chuma iliyomo karakanani ni yake, ati alimletea kaka yake kutoka Tanga miaka hiyo, kwa hiyo isiingizwe kwenye mirathi.

Mie Mwanawema ni jirani yao ukuta kwa ukuta. Baraza yangu haikosi watu kumi, na siku ile tulizidi, maana mashine ile ndiyo riziki ya Samiha, binti pekee wa marehemu. Babake kamfundisha kazi tangu ana miaka kumi na nne. Shafti za boti za Wete nzima zinapita mikononi mwake. Ikiondoka mashine, hana kazi.

"Karatasi yasemaje?" nikamuuliza Soud.

"Mashine ya Mjerumani, namba 2217. Na jina langu hili hapa."

Tukacheka. Mtaa mzima unajua mashine ile ni ya Kiingereza. Marehemu kila asubuhi neno lake lilikuwa, "Nakwenda kumwamsha Mwingereza." Akisema kainunua kwa Muhindi mmoja wa Chake aliyefunga gereji.

Mjane, Bi Ummkulthum, yumo eda, haonani na Soud. Akajibu nyuma ya pazia la mlango wake: "Shemegi, mume wangu hakuwa mwongo."

"Basi tukaangalie kibati cha kiwanda, chenye jina na namba," Soud akasema.

Tukaandamana mpaka karakanani. Kibati hakuna! Matundu manne matupu, basi. Hapo nikamtazama Soud vizuri. Siku tatu za msiba alilala mle mle, ati ndani ya nyumba kuna joto.

"Ami Soud, ulilala na bisibisi?" nikamuuliza.

"Muogope Mungu, Bi Mwanawema."

"Namuogopa. Wewe je?"

Watu wakaangua kicheko. Samiha hakucheka. Alichukua pini ya mtandio wake akachokoa tundu moja, ikatoka rangi ya kijani, kavu.

"Rangi hii baba aliipaka mwaka nilioanza chuo," akasema. "Imo mpaka ndani ya matundu. Kibati kiling'olewa kabla."

Mwaka huo Soud yuko Tanga. Basi kang'oa nani, kama si marehemu mwenyewe?

"Na nyuzi za skurubu hii ndefu," Samiha akaendelea, akiweka rula, "ni milimita sita sita. Hazendi kwa inchi kama za Kiingereza. Nilipomuuliza baba, alinambia Waingereza nao wamebadilika."

"Kwa hiyo ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua si ya inchi. Sikujua kama ni kesi."

Akapiga magoti, akakwangua rangi ubavuni mwa mashine, kule chini mwishoni. Zikajitokeza herufi za jina la Kijerumani, kisha namba. Ame, fundi baiskeli, akazisoma kwa sauti: mbili, mbili, moja, saba.

Nikakimbilia kwenye pazia. "Bi Ummkulthum, ni ya Mjerumani!"

Nilingoja kilio. Akauliza tu, taratibu: "Mmefika mpaka kule chini?"

Mwanamke huyu miaka yote hajatia mguu karakanani, akisema grisi inamtia kichefuchefu. Kule chini kapajuaje? Nikarudi nje na swali langu.

Nje Soud keshatangaza: "Jumamosi inapanda meli."

"Haitoki kitu nyumbani humu mpaka nitoke eda," sauti ikatoka nyuma ya pazia. Nani amjibu mjane? Zimebaki siku tisini na kitu.

Soud akenda dukani, akarudi na kufuli lake, akalitia mlangoni juu ya lile la Samiha. Sasa kila asubuhi lazima wafike wote wawili ndipo mlango ufunguke. Samiha anakereza, ami yake kakaa juu ya ndoo, anamtazama mikono. Juzi nimechungulia, nikamwona kamshikia shafti huku anauliza mambo ya visu vya kukerezea. Mie mpaka leo sijaelewa: anamsaidia mtoto wa kaka yake, au anajifunza ili akiondoka na mashine asimhitaji?