Mgeni wa Meza ya Mlangoni

…ni yeye, hawezi kuwa mwingine, maana ni nani tena duniani atakayeagiza supu halafu, kabla ya kijiko, kabla ya mkate, amuulize mhudumu, "Na huyo anayepika, amekula?", Kidoti kaja na maneno hayo mbiombio, trei ubavuni, kajifanya anapanga bakuli kwenye dirisha la kupitishia chakula, midomo haichezi, "Dada, kuna mama mmoja meza ya mlangoni, mtu mzima, kitambaa cha bluu kichwani, anasema ni mama yako, anapita tu, basi linamsubiri stendi, nimemwambia aagize chochote asije akainuliwa," halafu Kidoti kaitwa huko, kaenda, na yeye kabaki na mwiko mkononi na hii supu nyeupe inayozunguka, maziwa na unga na uyoga, supu ambayo ukiigeuzia kisogo inashika chini, ukiizubalia ikachemka inakatika, na ikikatika hairudi, kwa hiyo koroga, bibiye, koroga… mama yake, hapa, katika mji huu, mchana huu wa watu mpaka mlangoni, mama ambaye maisha yake yote anasema chakula cha hotelini hakina mwenyewe, kakaa kwenye kiti cha hoteli kaagiza supu, na bakuli hilo ni yeye aliyelipakua, sasa hivi tu, kutoka sufuria ile ya kwanza, hakujua linakwenda kwa nani, upawa mmoja na nusu, futa ukingo, sukuma, kampakulia mama yake kama anavyompakulia mpita njia… na kutoka hapa jikoni hadi meza ya mlangoni ni hatua ngapi, si mbali, hata kukohoa kungesikika, lakini katikati kuna Kipenga. Kipenga ndiye msimamizi, jina lake la kuzaliwa wanalijua, nani analitumia, wamembatiza hivyo kwa ile sauti inayotokea puani na kukupasua kichwa, na yeye naye hajui jina la mtu, humu ndani mtu ni chombo chake, Kaango, Sahani, Kisu, na yeye ni Supu, mwaka wa tatu huu anaitikia Supu, "Supu, mbili za meza ya nne!", na lazima ajibu, kila mmoja lazima ajibu, kwa sauti, neno lilelile, "Nimesikia!", usipojibu anakuja kukusimamia nyuma ya shingo mpaka unahisi pumzi zake, "Sijui kama nina mfanyakazi hapa au nina sanamu", hiyo sheria ya kwanza, sheria ya pili aliyeshika mwiko haachii mwiko, ya tatu watu wa jikoni hawaonekani ukumbini, "mteja hakuja hapa kuona jasho lenu", na yule wa saladi, kijana wa watu, kaka yake kapita siku moja, kachungulia tu, wamesalimiana kwa mkono mmoja, mkono mmoja tu, kavuliwa aproni palepale mlangoni mbele ya wateja na hajarudi tena, kazi mbaya si mchezo mwema, ndivyo mama alivyosema siku ile anaaga nyumbani, "Vumilia, mwanangu, kazi mbaya si mchezo mwema", haya, kavumilia, na mama mwenyewe sasa yuko pale nje na huku ndani ni kuvumilia tu.

"Kaango, viazi vya meza ya sita viko wapi?", "Nimesikia!", Kaango yuko hapa ubavuni pake, mtu mzima mwenye tumbo na maskhara, mafuta yanamrukia hata hajikuni, na masikio yake hayapitwi na kitu, anasema bila kugeuza shingo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mwenyeji mwenyewe kafungwa kamba jikoni," na yeye anataka kucheka, anakoroga… akinyoosha shingo hivi, kati ya mvuke na zile taa za kupashia chakula moto, anaona kipande cha meza ya mlangoni, nusu yake, bega moja na kile kitambaa, bluu ya kufuliwa mpaka imekaribia kuwa nyeupe, anakijua, kina kona moja iliyoungua pasi, na ni yeye aliyekiunguza, darasa la tano, akakificha chini ya godoro, na mama alipokikuta hakusema kitu, alikikunja tu kona ile ikae ndani, mpaka leo anaikunja ikae ndani… hamu, hii inayompanda kifuani ni hamu, asijidanganye eti ni mvuke, ana hamu na mama yake kama mtoto wa chekechea, ana hamu na vile viganja vyenye harufu ya sabuni ya kipande, na ile sauti yake ya alfajiri akiimba vibaya huku akidhani watoto wamelala, na magoti yake, akikuweka katikati ya magoti kukusuka unabanwa hivyo mpaka amalize, ukitikisika unapigwa kichana begani, tulia, na hakuwahi hata siku moja kusema nakupenda, mama si mtu wa maneno hayo, kwake maneno yote ya mapenzi yamo ndani ya moja, "Umekula?", umefaulu mtihani, umekula, umeachwa na mchumba, umekula, umepata kazi mji wa mbali, basi kula kwanza… na likizo ile aliyopewa, ile moja, kafika nyumbani usiku, asubuhi yuko jikoni kwa mama amebeba sufuria ya chai, mama kainama mbele yake anatafuta kikombe, na yeye bila kufikiri, kwa sauti ya huku, "Nyuma!", maana huku ukipita nyuma ya mtu na kitu cha moto lazima upige kelele, na mama kashtuka kajibanza ukutani mikono kifuani, wamecheka mpaka mdogo wake kaja kuuliza kuna nini, wamecheka kweli, lakini mama alipomaliza kucheka alimtazama kitambo, akasema, "Huko kazini mnapigana?", akajibu hapana mama, ndivyo tunavyofanya kazi tu, mama akasema haya.

"Supu! Unabembeleza mtoto hapo? Meza ya pili wanasubiri!", "Nimesikia!", neno limetoka lenyewe, na hilo ndilo, hilo ndilo neno… usilifikirie, koroga, unga unaanza kushika sasa, mwiko unaanza kuwa mzito kidogo, asilifikirie, lakini litafikiriwa tu, maana mama yuko pale na si bure, mama haendi mahali bure… ilikuwa mapumziko, mwaka jana, simu zao Kipenga anazifungia kwenye debe la biskuti zamu inapoanza, zinatolewa wakati wa mapumziko ule mfupi, kila mtu na yake nje kwenye mapipa ya maganda, na yake inaita, mama, wamesalimiana, habari za huko, nzuri, mvua, imenyesha, mjomba, hajambo kidogo, umekula, nimekula, halafu kimya, akadhani mtandao, kisha mama akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Mwanangu, nimekukumbuka," mama, yule mama, kalitamka, tangu azaliwe hajawahi kumsikia akilisema kwa mtu yeyote, hata kwa baba alipokuwa safarini, mama kakaa huko peke yake na neno hilo nani ajuaye kwa muda gani, kalipeleka mdomoni kalirudisha, kalipeleka kalirudisha, na siku hiyo akalisema, na yeye mtoto wake wa kwanza, aliyebebwa tumboni miezi yote, akajibu nini, akajibu, "Nimesikia!"… hivyohivyo, kwa ile sauti, kavu, ya haraka, ya meza ya nne, hakuna aliyemwita, Kipenga hata hakuwa karibu, ulimi tu ulikwishafundishwa kwamba mtu akisema jambo jibu lake ni hilo, na huko upande wa pili mama akasema, "Haya, mwanangu. Kazi njema," na simu ikakatika, na yeye kasimama kwenye mapipa ya maganda na inzi wake, kidole juu ya kitufe, apige, aseme nini, na mlango ukafunguliwa, mapumziko yamekwisha, leteni simu, debe likafungwa… na jioni hakupiga, alikuwa amechoka, na kesho yake aliona aibu, na kesho kutwa aibu ilikuwa imekua, na maji yakimwagika hayazoleki, basi tangu hapo wanaongea mvua, wanaongea karo ya mdogo wake, umekula, nimekula, na neno lile halikurudi tena, mama hakulirudia, angeanzia wapi kulirudia, na yeye kila siku akiwa hapa anakoroga amekuwa akilipanga jibu, Mama, ile ilikuwa ya jikoni, haikuwa yako, Mama, yako ninayo hapa sijaitoa, na mimi nimekukumbuka, mama, nimekukumbuka mpaka nakuota nikiwa nimesimama… na akishika simu, "Huko mvua vipi?"

Kidoti huyo karudi, kaweka bakuli tupu mbili na kuchukua mbili, midomo haichezi, "Hajaigusa. Nimemuuliza supu ina shida, kasema haina shida mwanangu, naisubiri ipoe," ipoe, mama anakunywa chai ikiwa inachemka, watu wanamshangaa, mama haisubiri ipoe… na magoti yale, kutoka stendi hadi hapa kwa magoti yale yanayomuuma na jua hili, basi linangoja, wenzake wako kivulini wananunua machungwa, yeye kauliza njia, kauliza tena, kakosea kona, kavuka barabara ya magari makubwa anayoiogopa, kwa ajili gani, kwa supu, hapana, hakuja kulalamika pia, angelalamika kwa simu, wala hakuja kukagua, mama kaja kwa sababu alisema neno lake likaangukia mahali asipopaona, sasa kaja mwenyewe kupaona, kakaa tu, hajamwita, hajamtuma Kidoti aseme njoo, anajua yupo kazini, anaisubiri ipoe… na Kipenga yule pale kwenye kizingiti, kalamu sikioni, anawahesabu wahudumu kwa kidevu, mtu mfupi kumbe, mwaka wa tatu na leo ndiyo anaona ni mtu mfupi, na viatu vyake vimeliwa kisigino upande mmoja, na fikra inamjia ambayo haikuombwa, inakuja na kukaa, kwamba siye Kipenga anayemwogopa. Akili yake inataka kukimbia, koroga, lakini fikra imekaa. Siye yeye. Mlango ule si mzito, unafunguka kwa bega, kila siku anaona wengine wakiufungua kwa bega. Anauogopa uso wa mama, ndiyo hivyo, na lisemwe, anaogopa kufika pale na mama akamtazama kama alivyomtazama baada ya kucheka, na mwaka mzima huu zile sheria za Kipenga, simu kwenye debe, mwiko usiachwe, usionekane ukumbini, alizilaani kila siku kwa mdomo na kujificha nyuma yake kila siku kwa moyo, ningepiga lakini simu imefungiwa, ningekwenda lakini likizo sijapewa, ningesema lakini… mwanamke mzima, anajificha nyuma ya mtu mfupi.

"Kidoti," na kasema kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, mpaka Kaango kageuza shingo, "mwambie ninakuja." Kidoti kamtazama, kamtazama Kipenga kwa pembe ya jicho, "Unakuja lini, dada? Na huyu?", "Hii ikishika tu naiepua na natoka. Mwambie asiinuke," "Watakufukuza," "Huenda," na Kidoti kasimama kidogo na bakuli zake mbili, halafu kasonya, si kwa hasira, kwa kitu kingine, akaenda, na Kaango anageuza viazi vyake, anasema kama anayeyaambia mafuta yake, "Ukitoka, mwiko nipe mimi. Tutafukuzwa wawili, tukafungue genge," na yeye hajui kama ni mzaha, liwalo na liwe, ila ikae vizuri hii supu kwanza, hawezi kumwendea mama huku nyuma yake kuna kitu kinaungua, na anayapanga maneno, Mama, ile ilikuwa… hapana, hayo marefu, atayasahau hapo mlangoni, ataanza na lile lenyewe, atalisema wima, na aproni yake na jasho lake, wateja wasikie, Kipenga asikie, na ananyoosha shingo, kati ya mvuke na taa, supu bado nyepesi, bado kidogo, "Supu, tatu za meza ya tisa!", anamwona Kidoti akiinama kwenye meza ya mlangoni, anaona kitambaa cha bluu kikigeuka, si upande wa barabara, ni upande huu, na kinabaki hivyo, kisha mkono wa mama unakwenda kwenye kiti cha pili, unautoa mkoba uliokuwa umekaa hapo, unauweka chini miguuni, na kwa kiganja unakifuta kiti, unakifuta tena, na unabaki juu yake, unamshikia nafasi.