Karakana ya Fundi Mmoja

Siku ya tatu ya mgomo wetu wafanyakazi wa chuo, kamati ya mgomo ilinituma mimi nikaombe wanafunzi watuunge mkono. Kabla yangu walimtuma mhadhiri wa historia. Aliwaandikia kurasa nne, tena nzuri, wanafunzi wakazitandika kwenye nyasi wakazikalia.

"Mimi niliishia darasa la sita," niliwaambia wanakamati.

"Ndiyo maana," akasema mhadhiri mwenyewe. "Wewe humung'unyi maneno."

Mimi ni fundi wa karakana ya chuo. Tuko watano, tunasimamia wanafunzi wa uhandisi kwenye mashine za kukereza vyuma. Barua ya uongozi ilisema abaki mmoja. Fundi mmoja, wanafunzi sitini.

Ila kilichoninyima usingizi hakikuwa barua. Ni mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu, yuko mwaka wa mwisho, na mtihani wake wa vitendo ulikuwa Jumatatu. Bila mtihani huo hahitimu mwaka huu. Siku mbili nzima hakunisemesha. Shikamoo tu, tena ya kutupa, kama mtu anayerusha maganda.

Nikapanda juu ya benchi nje ya bwalo. Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja akapaza sauti: "Mzee Viatu huyo! Alinifukuza karakana kisa kandambili!"

"Na kesho nitakufukuza tena," nikamjibu. "Una vidole kumi vya miguu, na mimi sina vya kukuazima."

Wakacheka. Nikaona nimepata upenyo. Hapo mpwa wangu akasimama, mikono kiunoni, sura ya mama yake kabisa.

"Mjomba, waambie ukweli. Nyie mkigoma, tunaofeli ni sisi."

Mhadhiri wa historia akanivuta suruali, maana yake nipindishe. Sikupindisha.

"Kweli," nikasema. "Mtaumia. Sitawadanganya."

"Sasa tuwaunge mkono kwa lipi?"

"Mwaka jana mashine ilidaka mkono wa ovaroli ya mwanafunzi. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimewapa mgongo. Mwenzangu ndiye aliyeruka akazima umeme. Yule pale, mwenye kofia. Kwenye orodha ya kuachishwa kazi, yeye ni wa kwanza. Mwakani tutabaki mtu mmoja, na mtu mmoja hana macho kisogoni."

"Mwanafunzi gani?" akadakia wa kandambili. "Hadithi hizo!"

Nilikuwa nimeahidi kutomtaja, mama yake asije akamwondoa chuoni.

"Mimi," akasema mpwa wangu.

Akapandisha mkono wa blauzi, kovu likaonekana toka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Akamgeukia yule mwenye kofia. "Mzee, sikujua na wewe umo kwenye orodha." Kisha akawaambia wenzake, "Jumatatu mimi siingii."

"Na mwaka wako je?" nikamuuliza.

"Mjomba, umekuja kutuomba au kutukataza?"

Walicheka mpaka wapishi wakatoka nje kuangalia.

Jumatatu uongozi ulimleta mhadhiri mmoja wa uhandisi asimamie mtihani peke yake. Wanafunzi sitini walifika saa mbili kamili, wamevaa ovaroli, wakasimama nje ya mlango. Hakuingia hata mmoja. Mhadhiri alikaa ndani na karatasi zake nusu saa, kisha naye akatoka akasimama nasi.

Saa nne mkuu wa kitivo akashuka ngazi, tai imepinda. Barua za kuachishwa kazi zimesimamishwa mpaka tuzungumze, akasema, na mtihani umesogezwa mbele wiki mbili.

"Zimesimamishwa, hazijafutwa," nikamwambia.

"Hazijafutwa," akakubali.

Siuiti ushindi. Lakini Alhamisi tunakaa mezani na uongozi, na wanafunzi wamedai kiti kimoja wakapewa. Wamemchagua mpwa wangu.

Leo asubuhi kanigongea mlango, daftari mkononi. "Mjomba, nataka ajali zote tangu uanze kazi hapa. Zote, hata zile za aibu."

Nikamvutia kiti, nikaanza na ya kwanza, ambayo ilikuwa yangu.