Mama wa Kila Alhamisi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, nimeinamia kochi la mteja napigilia kitambaa. Binti yangu aliingia karakana, akajibwaga juu ya rundo la sponji, akasema, "Baba, wanamuua mama."

"Mama yako tulimzika miaka mitatu iliyopita."

"Wa kwenye tamthilia, baba. Wakubwa wa kituo wanataka apate ajali."

Binti yangu huyu ni mwandishi. Anaandika ile tamthilia ya televisheni ya kila Alhamisi, ambayo watu wakishaiwasha hata mgeni akibisha hodi hafunguliwi. Humo yumo mama mmoja anayesema maneno ya marehemu mke wangu, neno kwa neno. Maneno hayo nayatoa mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini nikikumbuka jambo naliandika kwa chaki nyuma ya kipande cha kitambaa, Jumamosi binti anakuja kuvikusanya vipande hivyo. Alhamisi nakaa sebuleni peke yangu, yule mama anatokea kwenye televisheni, anaagiza viatu vivuliwe mlangoni. Navivua.

"Kawakosea nini?" nikauliza. Wakubwa nawajua. Wa maji, wa barabara, wa hospitali, wote wamoja. Mtu akishapewa kiti cha kuzunguka, roho inamuuma kuona mwenzake ana pa kukaa.

"Wanasema kabadilika. Zamani alichekesha, siku hizi kazi yake kulalamika. Wiki iliyopita kamsema mkurugenzi wa maji dakika nne nzima, kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe."

Nikaanza kutafuta msumari ambao haukuwa umepotea.

"Mama hakumjua mkurugenzi wa maji," binti akasema.

"Alimjua kwa sura."

"Baba."

Basi nikakiri. Maneno ya mama yake yaliniishia tangu mwisho wa mwaka. Nikawa naandika yangu, natanguliza lile "sikiliza we mwanaume" lake ili yafanane. Na bado nasema, kuhusu maji nilisema kweli.

Nilitegemea anigombeze. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

"Wamenipa hadi Ijumaa," akasema. "Nikipeleka ukurasa mmoja wa mama yule wa mwanzo, wanamwacha hai." Akanitia chaki mkononi. "Na wakubwa usiwaguse."

Nikapindua kitambaa, nikakitandaza juu ya kochi la watu. Mimi na mama yake tuliishi pamoja miaka thelathini na moja. Kila nikimvuta kichwani aongee, anafungua mdomo tu, nasikia sauti yangu mimi, ndefu, inamsimanga diwani, yeye kasimama na kikombe anangoja nimalize.

Chaki ikaanza kulowa jasho.

Binti akasogea karibu. "Baba," akauliza, taratibu, "siku ulizokuwa unanyamaza wewe, mama alikuwa anasema nini?"